Keith Moon: mupiga batri wa opera mbili za rock

Wapenzi wa muziki wa rock wanamukumbuka Keith Moon kwa mambo mawili: batri na fujo. Alivunja vyumba vya hoteli, alilipua vyoo kwa fataki, na mara nyingi onyesho likiisha alipindua batri yake mwenyewe. Habari hizo zinachekesha, njo maana zinarudiliwa sana. Lakini mutu akitaka kujua Moon alikuwa nani, asikilize diski mbili za kundi lake The Who: Tommy ya mwaka 1969 na Quadrophenia ya mwaka 1973. Katikati yao kuna miaka ine tu. Hata hivi, katika ya kwanza tunasikia kijana mwenye nguvu zake zote, na katika ya pili mutu anayeanza kushindwa na maisha.

Diski hizo mbili zinaitwa opera za rock. Maana yake ni hadithi moja inayosimuliwa kwa nyimbo, tangu mwanzo wa diski mpaka mwisho. Wimbo mumoja unaleta mutoto, mwingine unaleta baba yake, mwingine shida iliyowapata. Jukwaa na mavazi si lazima: unakaa kwako, unasikiliza, hadithi inatembea kichwani. Hizi mbili ni kazi ya Pete Townshend, mupiga gita. Roger Daltrey aliimba, John Entwistle alipiga besi, na Moon alikaa nyuma yao kwenye batri.

Moon alizaliwa London tarehe 23 mwezi wa 8, 1946, akakomalia Wembley, mu familia ya watu wa kawaida. Masomo hayakumufaa, na kabla ya kutimiza miaka 15 aliacha shule. Muziki alianzia mu fanfare ya vijana wa baharini, akipuliza tarumbeta, kisha akapenda ngoma. Carlo Little, mupiga batri aliyejulikana London kwa kupiga kwa nguvu, alimufundisha kwa malipo madogo. Mchana Moon alifanya kazi ya ofisi, usiku alipiga na kundi la The Beachcombers. Mwaka 1964, bila kufikisha miaka 18, akaingia The Who.

Kwetu hapa batri tunaisikia kanisani kila siku ya Mungu, na tunajua kazi yake: kushika mwendo ili waimbaji wasipotee. Moon hakupiga vile. Alifuata sauti ya muimbaji, akajaza kila nafasi iliyobaki tupu, akazunguka ngoma zote kama mutu anayeongea haraka. Visahani viwili vya kufunga kwa mguu, ambavyo wengine wanavitegemea, yeye karibu aviache kabisa. Kisha akatumia ngoma kubwa za mguu mbili pahali pa moja. Mu kundi lile, gita la Townshend njo lilishika mwendo mara nyingi, na batri ikawa inaimba.

Tommy ilitoka mwezi wa 5, 1969, diski mbili ndani ya kifuniko kimoja. Ni hadithi ya mutoto aliyeona mu kioo mauaji yakifanyika nyumbani kwao. Wazazi wanamukataza: hakuona, hakusikia, hatasema. Na kweli anakuwa kipofu, kiziwi na bubu. Akiwa kijana anakuwa bingwa wa mashine ya mchezo ya kugonga kigololi, kisha anapona, watu wanamufuata kama nabii, na mwishoni wanamuasi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wazo la kuwapeleka wafuasi hao mu kambi ya likizo lilitoka kwa Moon, na Townshend akamuandika kama mutunzi wa wimbo ule. Mcheshi wa kundi alielewa hadithi kuliko walivyozania.

Mu Tommy Moon anajizuia. Pahali muimbaji anaongea kwa upole, batri inangoja. Pahali hakuna maneno, kama mu wimbo Sparks, anafungua mikono. Tarehe 7 mwezi wa 6, 1970, The Who walipiga Tommy mu Metropolitan Opera House ya New York, nyumba iliyozoea waimbaji wa opera za kale. Kijana aliyeacha shule alikuwa pale, na wakati ule mikono yake ilimutii.

Quadrophenia ilitoka mwezi wa 10, 1973. Hapa hakuna nabii wala muujiza. Jimmy ni kijana wa London wa miaka ya 1960, na vespa yake, mavazi yake, vidonge vyake, na kundi la wenzake anaotaka wamukubali. Anagombana na wazazi, anaacha kazi, anapanda treni kwenda Brighton, mji wa pwani. Townshend alimupa Jimmy sura ine, kila moja kwa mwanamuziki mumoja wa The Who. Sura ya Moon ni ile ya kichaa.

Kule Brighton Jimmy anakuta kiongozi wa vijana aliyemuheshimu sana. Sasa anavaa yunifomu na kubeba mizigo ya wageni mu hoteli. Maneno ya mubeba mizigo huyo aliyaimba Moon, kwa sauti nzito ya kuchekesha. Mutu aliyevunja hoteli za watu anaimba sehemu ya yule anayetumwa mu hoteli. Unacheka kwanza, kisha kicheko kinakwama, sababu ndani yake kuna kijana aliyekuwa shujaa jana na leo amebaki na kazi ya kuinamia wengine.

Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka ule ule, karibu na San Francisco, Moon alizimia kwenye batri katikati ya onyesho, juu ya dawa alizokuwa amekunywa. Walimuinua, akarudi, akaanguka tena. Townshend akauliza kama kuna mutu anayejua kupiga batri, na kijana wa miaka 19 akatoka mu watazamaji akamaliza naye. Watu wanaisimulia kama bahati ya kijana yule. Ilikuwa pia onyo kwa Moon.

Mwaka ule muke wake alimuacha, akaenda na binti yao. Moon alihamia California, pombe ikazidi, mwili ukanenepa, mikono ikapoteza mbio. Mwaka 1977 akarudi London akitaka kuacha kunywa. Munganga akamuandikia vidonge vya kumusaidia, na kipimo chake kilikuwa kidogo. Tarehe 7 mwezi wa 9, 1978, alikutwa amekufa mu nyumba aliyoazima. Wapimaji walikuta amemeza 32. Dawa iliyotakiwa kumutoa kwenye pombe njo ilimuua, akiwa na miaka 32.

Hapo iko somo kwa sisi wote. Mutu aliyekunywa pombe nyingi kwa miaka hawezi kuiacha peke yake kwa ghafla, na dawa za kumusaidia ni hatari akiachiwa chupa nzima bila mutu wa karibu. Anahitaji munganga, na anahitaji watu wasioendelea kumuchekea.

Kati ya diski hizo mbili, ipi inabaki? Tommy ni rahisi kupenda, na ilisafiri mbali zaidi: filamu ya mwaka 1975, ambamo Moon anacheza mujomba mubaya, kisha tamthilia. Mimi narudia Quadrophenia. Tommy ni mutoto wa ajabu, lakini Jimmy unaweza kumukuta kila mtaa, kijana anayetafuta pahali pake. Na mwisho wa diski, kipindi mvua na bahari vinasikika na Daltrey anaimba kwa sauti yote, Moon anaangusha ngoma na visahani vyote kama nyumba inabomoka.

Mwaka 1996 The Who walirudisha Quadrophenia jukwaani. Kwenye batri alikaa Zak Starkey, mutoto wa Ringo Starr wa Beatles. Akiwa mudogo, Zak alipewa zawadi ya batri na rafiki wa baba yake. Rafiki yule alikuwa Keith Moon.