William Rivers, daktari aliyewasikiliza askari wasiolala

Tunaandika kutoka Lubarika, hapa katika uwanda wa Ruzizi. Leo tunawaletea habari za mtu aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa sababu kazi yake inagusa nyumba zetu nyingi.

William Rivers alizaliwa mwaka 1864 huko Kent, Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kianglikana, tena alisaidia watu wenye kigugumizi. Lakini mtoto wake huyo alibaki na kigugumizi maisha yake yote. Rivers alimaliza masomo ya udaktari London mwaka 1886, kisha akafundisha Cambridge mambo ya akili na hisia za mwanadamu. Mwaka 1898 alisafiri hadi visiwa vya Torres Strait. Huko alizoea kuketi na watu na kuwauliza habari za ukoo wao, mtu kwa mtu.

Ndipo ikaja vita ya 1914. Hata sisi ilitufikia: mwaka 1916 askari wa Force Publique walivuka Ruzizi kwenda Usumbura, na wapagazi wetu wakabeba mizigo. Huko Ulaya askari wengi walirudi bila kidonda, lakini walitetemeka, hawakulala, na wengine walipoteza sauti. Watu wakawaita waoga. Jeshi la Uingereza liliwapiga risasi zaidi ya askari wake 300, wengi wao kwa kosa la kutoroka.

Rivers alitumwa kwenye hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh. Wagonjwa walikuwa wamezoea kushauriwa wasahau yote na wafikirie mambo mazuri. Yeye aliona kwamba aliyefukuza kumbukumbu mchana alikutana nayo usiku katika ndoto. Basi aliwasaidia kuzisema, polepole, wala hakutaka wazirudie kutwa nzima.

Mmoja wao aliukuta mwili wa rafiki yake umepasuliwa na bomu, na kila usiku aliuona. Rivers alimwonyesha kwamba kifo cha namna ile kilikuwa cha ghafula, rafiki hakuteseka. Ndoto zikabadilika, aliamka akilia kwa huzuni, bila ile hofu kuu. Mwingine aliona jambo baya mno hata Rivers hakupata upande wowote wa kumfariji. Huyo alimshauri aache jeshi, na alipata nafuu kijijini. Rivers hakuficha kwamba dawa yake ilikuwa na mpaka.

Tena alibeba mzigo wa dhamiri. Mwaka 1917 alimtibu mshairi Siegfried Sassoon, aliyepinga vita hadharani. Kumponya askari kulikuwa kumrudisha vitani, na jambo hilo lilimsumbua Rivers mwenyewe. Alifariki ghafula tarehe 4 Juni 1922.

Kwa nini tunasimulia haya? Sange ilipoteza watu zaidi ya 200 lori la mafuta lilipolipuka Julai 2010. Mutarule, usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu waliuawa wakiwa katika ibada. Wazee wetu wangali wanabeba Oktoba 1996. Na sisi wachungaji, tuungame, mara ngapi tumemwambia mjane anyamaze, amwamini Mungu, asahau? Mara ngapi asiyelala tumemwambia kwamba imani yake ni haba, au ana pepo? Tulidhani tunafariji, kumbe tulikuwa tunafunga mlango.

Eliya alipochoka na kuomba kufa, katika 1 Wafalme 19, Bwana hakumkaripia. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha akamuuliza swali na kumwacha aseme. Alimuuliza hata mara ya pili.

Kazi hii haihitaji madaktari peke yao. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwasaidia wenzao kusimulia maisha yao kwa utaratibu, na wengi walipata nafuu. Makanisa yetu yana mama na baba wa namna hiyo. Tuwatafute, tuwafundishe kutunza siri, na aliyezidiwa tumsindikize hadi kituo cha afya.

Juma hili, ukimtembelea asiyelala, usiharakishe maombi. Keti kwanza, umuulize, usikilize. Kisha ombeni pamoja.