Karani wa hesabu aliyeona visiwa mlimani

Panda matatu ya Kianjokoma kutoka Embu mjini, kisha uchukue boda hadi pale majani chai yanapoishia na msitu wa Irangi kuanza. Simama utazame matawini. Kuna kandege kadogo ka kijani na manjano, kana duara pana jeupe kuzunguka jicho, utadhani kamevaa miwani. Hakatembei peke yake. Kanakuja na genge zima, kelele juu, kanapekua majani kutafuta wadudu, halafu ghafla wote wamehama. Kwa Kiswahili anaitwa kinengenenge, na aina hii ya kwetu huishi misitu ya baridi ya Kenya ya kati tu: Mlima Kenya, Aberdare na maeneo ya hapo karibu. Zunguka mlima hadi Chogoria na Meru utamkuta. Shuka Mbeere humwoni.

Sasa nenda Pemba, kisiwa cha baharini kabisa. Huko kuna kinengenenge mwingine, wa manjano kali, ambaye haishi popote duniani ila Pemba. Mlima wa Embu na kisiwa cha karafuu vina uhusiano gani? Jamaa aliyehangaika na swali hilo karibu maisha yake yote aliitwa Reginald Moreau, na kazi aliyoajiriwa kufanya ilikuwa ya hesabu.

Alizaliwa 1897 huko Kingston, nje kidogo ya London. Chuo kikuu hakuingia. Mwaka 1914 alifanya mtihani wa utumishi wa serikali akapata kazi katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Mafaili, risiti, meza. (Sisi tulioacha chuo katikati tunamwelewa vizuri.) Pengine angezeekea pale, lakini baridi yabisi ilimshika akiwa bado kijana, na mwaka 1920 akahamishiwa Cairo, kwenye joto. Jangwani Misri ndiko alianza kufuata ndege, siku za mapumziko, bila mwalimu. Akaanza pia kuandika kuwahusu. Huko Misri ndiko alikutana na Winifred, aliyeitwa Winnie, wakaoana.

Mwaka 1928 alikuja Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanganyika. Kituo cha utafiti cha pale kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na wakati huo kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Moreau aliletwa kwa kazi za ofisi, si kama mwanasayansi. Lakini dirisha la ofisi likiangalia msitu kama ule, karani gani atakaa kitini? Alikaa Amani miaka 18, na muda wa ziada wote ukaenda kwa ndege. Yeye na Winnie walifuatilia kiota cha hondohondo, jike akiwa amezibiwa ndani ya shimo la mti na dume akimletea matunda. Walihesabu kila kitu: mayai mangapi, siku ngapi za kuatamia, chakula kinaletwa mara ngapi. Akili ya mkaguzi wa hesabu ilihamia kwenye viota.

Hapa lazima niseme kitu. Sehemu kubwa ya kukaa chini ya mti na kuhesabu ilifanywa na wasaidizi Waafrika. Wao ndio walioujua msitu. Majina ya ndege yakaenda kwa wengine. Kuna ndege wa Amani aliyepewa jina la Moreau mwaka 1931, na Moreau mwenyewe akampa ndege wa milima ya Uluguru jina la Winifred mwaka 1938. Kama zawadi ya mke, inashinda maua. Lakini sijui ndege yeyote aliyepewa jina la wale waliokaa chini ya miti.

Turudi Pemba. Mwaka 1941 yeye na Pakenham, aliyekuwa ofisa wa serikali Zanzibar, walichapisha utafiti kuhusu wanyama wa nchi kavu wa Pemba, Unguja na Mafia. Hoja ni rahisi. Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina kirefu sana, kwa hiyo kisiwa kilitengana zamani mno na ndege wake wakapata muda wa kuwa aina yao wenyewe. Unguja bahari ni ya kina kifupi, ilitengana majuzi tu kwa hesabu za dunia, na ndege wake wengi ni walewale wa bara.

Kisha akaipeleka hesabu hiyohiyo milimani. Kwa ndege wa msitu wa baridi, nyika ya Mbeere na Tharaka ni bahari. Hawezi kuishi kwenye joto lile, na chakula chake hakipo. Mlima Kenya basi ni kisiwa, Usambara kisiwa, Taita kisiwa. Moreau aliamini kwamba hadi miaka 18,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 5 hivi, misitu hiyo ilishuka chini na mingi ikashikana. Joto liliporudi, msitu ukapanda tena juu na kila kundi la ndege likabaki kwake.

Baridi yabisi ilimrudisha Uingereza mwaka 1946. Alihariri jarida la ndege la Ibis hadi 1960, na Oxford ikampa shahada ya heshima, yeye asiyewahi kuketi darasani kwao. Mwaka 1957 alitoa kazi nzito kuhusu vinengenenge wa Afrika na visiwa vyake, akiwapima kwenye mikusanyiko ya makumbusho, na mwaka 1966 kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Afrika na visiwa. Alifariki 1970.

Si yote yamesimama. Vipimo vya DNA vimeonyesha kwamba baadhi ya vinengenenge wa milima tofauti wanaofanana sura wana undugu wa karibu zaidi na wale wa nyanda za chini kuliko wao kwa wao. Hadithi ya msitu mmoja uliokatika vipande haiwatoshi wote. Bahari ya nyika, hata hivyo, bado ipo, na pale Irangi ufuo wa kisiwa ni mstari wa mwisho wa majani chai. Mstari huo ukipanda juu, kale kandege ka miwani hakana mlima mwingine wa kuhamia.