Farrokh wa Unguja na Chombo cha Wakati

Katika kibanda kimoja cha sinema hapa Gatwekera, mtaa wa Kibera, vijana walikuwa wakiangalia filamu ya Kimarekani ya mwaka 2020, Bill & Ted Face the Music. Ndani yake mabinti wawili wanapanda chombo cha kuvukia wakati, warudi nyuma kuwakusanya wanamuziki waliokwisha kufa. Miongoni mwao ni Jimi Hendrix, yule Mmarekani mweusi, bingwa wa gitaa, aliyefariki London mwaka 1970. Kijana mmoja akauliza mbona vyombo hivyo haviji kuchukua mtu wa kwetu. Nikamjibu kwamba vikija, na vitue Unguja. Hawakunisadiki, wakadhani mzee wa pwani anawatania.

Watungaji wa hadithi za sayansi wanampenda sana Hendrix. Lewis Shiner, katika riwaya yake Glimpses ya mwaka 1993, anampeleka mtu nyuma ili sahani ambayo marehemu hakuimaliza ipate kumalizwa. Sisi tuliosoma chuoni hatushangazwi na habari za watu kuchupa zama. Tumesomeshwa utotoni habari za As-habul Kahfi, waliolala pangoni miaka mia tatu na tisa, wakaamka na kumtuma mwenzao mjini na fedha za zamani mkononi.

Basi tuje kwa mtu wetu. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya Kiingereza; mama yake ni Jer. Walikuwa Maparsi wenye asili ya Gujarati, watu wa dini ambayo vitabu vyetu vinawaita wafuasi wake Majusi. Akiwa bado mtoto mdogo alipakiwa melini kupelekwa shule ya bweni ya Panchgani, Bara Hindi. Huko ndiko alikojifunza piano, ndiko alikoitwa Freddie, na ndiko alikoanzisha na wenzake bendi yao ya kitoto, The Hectics. Mwaka 1963 akarejea Unguja, angali kijana.

Hakukaa. Januari 1964 yakatokea mapinduzi, na jamaa yake, kama jamaa nyingi za mji ule, wakaondoka na mizigo michache kwenda Uingereza. Wakafikia Feltham, kando ya London. Kijana akasomea uchoraji katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Mwaka uliofuata akaungana na Brian May na Roger Taylor, bendi wakaiita Queen, na yeye akajipa jina la Mercury. John Deacon aliwafuata mwaka 1971.

Mambo yaliyofuata dunia inayajua, nami sitayarefusha. Ila mwaka 1975 nitausimamia kidogo. Mwaka huo alitunga wimbo mrefu usiofanana na nyimbo za wenziwe, Bohemian Rhapsody, uliokaa kileleni Uingereza majuma tisa. Katikati yake mna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa madrasa huanza nalo kabla ya kutia tonge kinywani. Wapo wanaochukizwa kulisikia humo. Mimi najiuliza tu alilisikia wapi kwanza, na mtu aliyekulia Mji Mkongwe hahitaji kwenda mbali kulisikia.

Katika sahani hiyo hiyo mna wimbo mwingine, '39, wa Brian May, ambaye alisomea elimu ya nyota na mwaka 2007 akapata udaktari wake. Wimbo huo ni hadithi ya safari ya wakati. Mabaharia wa angani wanaondoka kwa muda ambao kwao ni mwaka mmoja, wakirejea wanakuta nyumbani imepita miaka mia. Ni hesabu za Einstein, lakini kwa masikio yangu ni pango lile lile. Na katika wale wanne walioupiga, mmoja alikuwa ameachana na kisiwa chake, na kisiwa hicho hakikungoja kama alivyokiacha.

Tarehe 13 Julai 1985, Wembley, kwenye tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Uhabeshi, aliwashika watu wapatao 72,000 kwa dakika ishirini hivi. Vijana wa Gatwekera walipokataa kuniamini niliupiga kwa mguu na kiganja ule mdundo wa bendi yake wa mwaka 1977: viwili vya mguu, kimoja cha kofi. Kibanda kizima kikaitikia. Waliujua kutoka viwanja vya mpira, wasijue ni wa nani.

Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana ukimwi. Akaagwa kwa ibada ya dini ya wazee wake. Kwamba alipenda wanaume kunajulikana, na dini yetu ina neno lake juu ya hilo. Ndiyo sababu mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, Jumuiya ya Uamsho iliipinga na haikufanyika. Mwaka 2019 nyumba moja ya Shangani ikafunguliwa kuwa makumbusho yake. Wenye kukataa kusherehekea nawaelewa. Wenye kusema hakuwa wa kwetu kabisa, hao siwaelewi. Hata wanajimu wamempa jiwe lake angani, namba 17473.

Ningepewa mimi chombo kile cha wakati, nisingekwenda Wembley. Ningeshuka Shangani mwaka 1963, magharibi, nimtafute kijana mmoja wa Kiparsi mwenye meno yaliyojitokeza, nimwamkie, nimuulize yeye mwenyewe ajihesabu mtu wa wapi. Kisha ningemwacha aende zake, maana Januari haiko mbali.