Arthur Guinness: Mtengenezaji bia aliyelinda maji yake kwa sururu

Mjini Bujumbura, jina la kiwanda cha Brarudi, kilichoanzishwa mwaka 1955 wakati mji ukiitwa Usumbura, linajulikana kwa wanywaji na wasiokunywa. Huko milimani, pombe ya mtama iitwayo impeke huvutwa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Bia nyeusi yenye povu zito jeupe ina asili ya mbali zaidi, na duniani kote hutajwa pamoja na jina la Arthur Guinness wa Ireland.

Guinness alizaliwa takriban mwaka 1725 katika jimbo la Kildare. Baba yake, Richard, alimtumikia Askofu Mkuu Arthur Price. Askofu huyo alipofariki mwaka 1752, aliwaachia baba na mwana pauni 100 kila mmoja. Miaka mitatu baadaye kijana huyo alianza kutengeneza bia katika mji mdogo wa Leixlip.

Tarehe 31 Desemba 1759 alitia saini mkataba wa kupanga kiwanda kilichochakaa cha St James's Gate, mjini Dublin. Kodi ilikuwa pauni 45 kwa mwaka, na muda wa mkataba miaka 9,000. Mwaka 1761 alimwoa Olivia Whitmore. Walijaliwa watoto 21, lakini ni 10 tu waliofikia utu uzima.

Ugomvi wa maji

Bia haipikwi bila maji, na ndipo ulipotokea mtihani mkubwa wa maisha yake. Mwaka 1775 baraza la jiji lilidai kuwa anatumia maji kupita haki yake, likatuma watu kuufukia mfereji. Guinness alimnyang'anya mmoja wao sururu na kuapa kwamba hawatapita. Shauri hilo halikumalizika hadi mwaka 1784, alipokubali kuyalipia maji hayo.

Wakati huo tayari alikuwa amegeukia bia nyeusi iliyopendwa na wachukuzi wa London. Mwaka 1799 aliacha kabisa kutengeneza bia ya rangi nyepesi. Alifariki Januari 1803, akazikwa Oughterard, katika jimbo alikozaliwa.

Povu ambalo hakuliona

Hata hivyo, glasi inayobeba jina lake leo ingemshangaza. Mwaka 1959, miaka 200 baada ya mkataba ule, Michael Ash, mwanahisabati aliyeajiriwa na kampuni hiyo, alifanikisha njia ya kutumia nitrojeni pamoja na hewa ya ukaa. Nitrojeni haiyeyuki kwa urahisi katika bia, hivyo hutoa viputo vidogo mno, na povu lake huwa laini na la kudumu.

Mwaka 1988 utaalamu huo uliingia majumbani. Ndani ya kopo kuna kifaa kidogo cha plastiki chenye nitrojeni. Kopo likifunguliwa, shinikizo hushuka ghafla na gesi huchomoka kwa nguvu, ikiivuruga bia na kuitoa povu.

Anayeimimina nyumbani hulipoza kopo vizuri kwanza. Huinamisha glasi, humimina taratibu bila kusita, kisha huisimamisha glasi inapokaribia kujaa. Baada ya hapo husubiri. Viputo huonekana vikishuka pembeni, kwa sababu vile vya katikati hupanda kwa kasi na kuisukuma bia irudi chini kando ya glasi. Baada ya dakika mbili hivi, weusi na weupe hutengana.

Chupa za Guinness zinazojulikana zaidi Afrika Mashariki ni za bia kali zaidi yenye hewa ya ukaa, na povu lake huwa la kawaida.

Kiwanda cha Guinness kingali pale pale St James's Gate, mahali alipoulinda mfereji wake akiwa na sururu mkononi.