Fanny Crosby: Mama Kipofu Aliyetuachia Nyimbo

Kurasa nyingi za kijitabu hiki zina picha za kwaya na majina ya waliotutangulia, na hivyo ndivyo inavyofaa siku ya jubilii. Ukurasa huu tumeuweka kwa ajili ya mama mmoja wa Marekani ambaye hakuwahi kufika kwetu, lakini maneno yake tumeyaimba kwenye ibada, kwenye kesha na kwenye matanga. Anayeimba Usinipite Mwokozi au Ndiyo Dhamana anaimba wimbo wa Fanny Crosby, hata kama jina hilo analisikia leo kwa mara ya kwanza.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika jimbo la New York, kwenye familia ya wakulima wa hali ya chini. Akiwa na wiki sita macho yalimuuma. Daktari wao hakuwepo, basi akaitwa mtu aliyejifanya tabibu, naye akambandika dawa ya moto ya haradali machoni. Familia iliamini hadi mwisho kwamba hiyo ndiyo iliyompofusha. Kabla mtoto hajatimiza mwaka, baba yake akafariki, na mama yake, aliyekuwa bado msichana wa miaka ishirini na kitu, akaenda kufanya kazi za ndani kwa watu. Fanny alipofika kama miaka mitano, majirani walichanga pesa (harambee si ya kwetu peke yetu) ili apelekwe kwa daktari bingwa mjini New York. Jibu likawa kwamba hataona kamwe.

Aliyebaki naye nyumbani ni nyanya yake, Eunice. Huyu nyanya ndiye tunayetamani kila mtoto wa Sunday School angempata. Alimchukua mjukuu wake nje na kumweleza kila kitu: jua linavyochwea na rangi zake, ndege huyu ana mbawa za namna gani na analia vipi, ua hili lina petali ngapi. Akamshikisha majani ili ayatambue kwa vidole na kwa harufu. Mtoto asiyeona akakua akiistaajabia kazi ya Mungu kuliko wengi wetu wenye macho, tunaopita chini ya mti uleule kila asubuhi bila kuinua kichwa. Na akiwa na miaka minane tu alitunga shairi fupi la kusema kwamba ameridhika, na kwamba baraka anazopata ni nyingi kuliko za wengine.

Baadaye mama mwenye nyumba waliyopanga alimfundisha Biblia kwa kichwa, sura kadhaa kila wiki. Kabla ya kutimiza miaka 15 alikuwa amekariri vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali na Zaburi nyingi. Sisi tunaohangaika wiki mbili na sauti ya tatu ya wimbo mmoja tuishie hapo bila maelezo.

Mwaka 1835 aliingia shule ya vipofu mjini New York, akawa mwanafunzi na kisha mwalimu hapohapo. Mwaka 1849 kipindupindu kilipoingia mjini, wengi walikimbia. Fanny alibaki shuleni akisaidia kuuguza na kutengeneza dawa, mpaka dalili zikamwanza yeye mwenyewe. Mungu akamponya. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa injili, aliyatoa maisha yake kwa Bwana, ingawa kanisani alikuwa amelelewa tangu utotoni.

Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwalimu kipofu kama yeye na mpiga kinanda hodari. Walipata mtoto mmoja, akafariki angali mchanga. Katika maisha yake yote marefu Fanny hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Tunalitaja kwa sababu wako watu huona shukrani zake zilikuwa nyepesi, kwamba alikuwa mtu wa tabasamu tu. Mama aliyezika mtoto wake anajua uzito wa neno asante. Kuhusu yule tabibu wa uongo, alisema kwamba kama angekutana naye angemshukuru, kwa kuwa uso wa kwanza ambao macho yake yangeuona ungekuwa wa Mwokozi wake. Sisi bado tunajifunza kusamehe mtu aliyekalia kiti chetu kanisani.

Nyimbo za injili alianza kuziandika mwaka 1864, akiwa na miaka zaidi ya 40. Aliandika zaidi ya 8,000. Wachapishaji waliona aibu kuweka jina moja kitabu kizima, basi wakatumia majina ya bandia karibu 200. Kila wimbo alilipwa dola moja au mbili, na nyingi za hizo hazikufika nyumbani. Zilikwenda kwa maskini. Aliishi kwenye vyumba vya kupanga katika mitaa duni ya Manhattan, akienda kwenye vituo vya misheni vilivyohudumia walevi na wasio na kazi.

Jioni moja ya mwaka 1869, akizungumza katika kituo kama hicho, moyo ulimsukuma kusema kwamba humo ndani yumo kijana aliyeiacha njia ya mama yake. Kijana wa miaka 18 akaja mbele, akaombewa. Usiku huo Fanny akatunga wimbo wa kuwaita Wakristo wakawaokoe wanaopotea. Zaidi ya miaka 30 baadaye, alipokisimulia kisa hicho katika mkutano mjini Lynn, mzee mmoja alimshika mkono akamwambia kwamba kijana yule ni yeye. Wimbo wa Usinipite nao inasimuliwa kuwa ulitokana na ziara gerezani, ambako mfungwa mmoja alipaza sauti akimsihi Bwana asimpite. Tunapouimba leo baada ya matoleo, tumkumbuke mfungwa huyo ambaye jina lake halikuhifadhiwa.

Fanny alifariki tarehe 12 Februari 1915 mjini Bridgeport, jimbo la Connecticut, akikaribia miaka 95. Jioni iliyotangulia bado alikuwa akimsomea mtu barua ya kuandika, ya kuifariji familia iliyofiwa. Juu ya kaburi lake liliwekwa jiwe dogo sana lenye jina ambalo watu walimwita, Shangazi Fanny, pamoja na maneno ambayo Bwana Yesu alimsema yule mwanamke wa Bethania aliyevunja chupa ya marhamu. Yako katika Marko 14, mstari wa 8.