William McKinley

William McKinley (29 Januari 1843 – 14 Septemba 1901) alikuwa mwanasiasa wa Marekani na Rais wa 25 wa nchi hiyo, kuanzia tarehe 4 Machi 1897 hadi kifo chake. Kabla ya kuwa rais alijulikana hasa kwa sheria ya ushuru wa forodha ya mwaka 1890 iliyoitwa kwa jina lake.

Maisha ya awali

Alizaliwa Niles, katika jimbo la Ohio. Baba yake alisimamia matanuri ya kuyeyushia chuma. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe aliingia jeshini mwaka 1861 akiwa askari wa kawaida, akatoka mwaka 1865 na cheo cha meja. Baadaye akawa wakili mjini Canton, na mwaka 1871 alimwoa Ida Saxton. Binti zao wawili walifariki wakiwa wadogo.

Sheria ya ushuru ya 1890

Mwaka 1876 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi kwa tiketi ya chama cha Republican. Aliamini kwamba bidhaa za nje zikitozwa ushuru mkubwa, viwanda vya ndani vitakua na wafanyakazi watalipwa vizuri. Sheria yake ilipandisha wastani wa ushuru wa bidhaa zilizotozwa kutoka karibu asilimia 38 hadi karibu asilimia 50.

Mfano unaojadiliwa zaidi ni mabamba ya chuma yaliyopakwa bati, ambayo hutengenezewa makopo ya vyakula, vikombe na vyombo vya jikoni. Karibu yote yalitoka Wales. Marekani yenyewe ilikuwa haitengenezi ila kidogo sana. Ushuru wake ulipandishwa kutoka senti 1 hadi senti 2.2 kwa ratili. Liliwekwa pia sharti lisilo la kawaida: kama baada ya miaka sita viwanda vya ndani havijafikia theluthi moja ya kiasi kilichoagizwa kutoka nje, ushuru huo ungefutwa.

Mnunuzi alihisi uzito haraka. Sheria ilisainiwa tarehe 1 Oktoba 1890, na uchaguzi ulikuwa mwezi uliofuata. Inasimuliwa kwamba wapinzani waliwatuma wachuuzi kupita vijijini wakiuza vikombe vya bati kwa bei ya juu mno na kumtaja McKinley kuwa ndiye chanzo. Kwa kweli ushuru wa mabamba ulikuwa haujaanza. Ulianza Julai 1891. Hata hivyo Republican walipoteza wingi wao barazani, na McKinley mwenyewe akapoteza kiti, ingawa mipaka ya jimbo lake la uchaguzi ilikuwa pia imebadilishwa ili kumdhoofisha.

Viwanda navyo vilikuja. Katika miaka michache uzalishaji wa ndani ulivuka sharti lile, huku Wales viwanda vingi vikifungwa na baadhi ya mafundi wakihamia Marekani. Lakini ushuru wa chuma uliopandisha bei ya malighafi ndio uliokuwa umechelewesha viwanda hivyo hapo awali. Mwanauchumi Douglas Irwin amekadiria kwamba vingezaliwa hata bila ushuru wa 1890, takriban miaka kumi baadaye, na kwamba gharama kwa walaji ilizidi faida. Mwaka 1898 viwanda vingi vya mabamba viliunganishwa kuwa kampuni moja, American Tin Plate, na ushindani wa ndani, ambao ungeshusha bei, ukapungua.

Sukari ghafi iliondolewa ushuru, na wakulima wa ndani wakapewa ruzuku badala yake. Hatua hiyo iliwaumiza wenye mashamba wa Hawaii, waliokuwa wakiuza Marekani bila ushuru kabla ya hapo.

Urais na kifo

Alikuwa gavana wa Ohio kuanzia 1892 hadi 1896, kisha akamshinda William Jennings Bryan katika uchaguzi wa rais. Mwaka 1897 alisaini sheria ya Dingley iliyopandisha tena ushuru. Katika utawala wake Marekani ilipigana na Hispania na kuitwaa Hawaii (1898).

Kufikia mwaka 1901 viwanda vya Marekani vilizalisha kuliko soko la ndani lilivyoweza kununua. Tarehe 5 Septemba, katika maonyesho ya Buffalo, McKinley alihimiza mikataba ya kupunguziana ushuru na nchi nyingine. Ni mabadiliko makubwa kwa mtu wa historia yake. Kesho yake alipigwa risasi na Leon Czolgosz, akafariki tarehe 14. Makamu wake Theodore Roosevelt alichukua nafasi yake. Mikataba iliyokuwa imesainiwa haikuidhinishwa na Seneti, na viwango vya Dingley vilidumu hadi 1909.