Maisha ya Uqba bin Aamir, Mwalimu wa Upinde

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya haya, masahaba wa Mtume (S.A.W.) walikuwa wengi, na kila mmoja alipewa fungu lake la kheri. Wako waliotajika kwa elimu, wako waliotajika kwa ukarimu, na wako waliotajika kwa ushujaa. Katika karatasi hizi chache tumekusudia kumtaja mmoja aliyekusanya mambo mawili ambayo wengi hudhani hayakai mahala pamoja, nayo ni usomaji wa Qur'ani na ufundi wa upinde. Huyo ni Uqba bin Aamir al-Juhani (R.A.). Siku aliyokufa zilikutwa kwake pinde zaidi ya 70. Msomaji akishayajua maisha yake atafahamu kwa nini mzee aliyekwisha kuwa liwali wa nchi nzima ya Misri aliacha mali ya namna hiyo.

ASILI YAKE NA KUSILIMU KWAKE

Uqba alikuwa mtu wa kabila la Juhayna, waliokaa magharibi ya Madina katika nchi iliyo baina ya mji huo na Bahari ya Sham. Hakuwa mtu wa mali wala wa jaha. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, mwaka 622, yeye alikuwa jangwani akichunga wanyama wake wachache. Khabari ilipomfikia aliwaacha wanyama, akenda mjini, akataka kutoa mkono wa bai'a. Mtume akamuuliza anataka bai'a gani, ya mabedui wanaorejea kwao, au ya wanaohama wakabaki? Uqba akachagua ya kuhama. Tangu siku hiyo akawa mtu wa Madina.

Lakini ufukara haukumwacha. Yeye na wenziwe walikuwa wakichunga ngamia kwa zamu. Siku moja ilikuwa zamu yake, akawarejesha ngamia jioni, akamkuta Mtume amesimama akiwazungumza watu. Akawahi maneno ya mwisho tu, juu ya fadhila za mtu anayetawadha vizuri kisha akasali rakaa mbili kwa moyo wote. Akayastaajabia sana. Mbele yake alikuwapo Sayyidna Umar (R.A.), akageuka akamwambia kuwa yaliyotangulia yalikuwa mazuri zaidi, akamfundisha yale yaliyompita. Hivyo ndivyo alivyojifunza mchunga ngamia huyu: alipokosa sehemu aliipata kwa mwenziwe, na hakuna alichokipata kikapotea mkononi mwake.

Mara nyingine alipata heshima ya kumwongozea Mtume mnyama wake safarini. Katika safari hizo ndimo alimofundishwa sura mbili za mwisho wa Qur'ani, sura ya Falaq na sura ya Nas. Uqba akawa msomaji mwenye sauti nzuri, hata Sayyidna Umar, akiwa Khalifa, alimtaka siku moja amsomee, naye aliposoma Umar akalia. Akaandika msahafu mzima kwa mkono wake. Mwanachuoni wa Misri, Ibn Yunus, aliyekufa mwaka 347 wa Hijra (958), aliuona msahafu huo kwa macho yake, na mwisho wake lilikuwamo jina la Uqba kuwa ndiye mwandishi.

MAFUNZO YA UPINDE

Alimsikia Mtume (S.A.W.) juu ya mimbari akiifasiri ile aya ya sura ya Anfal inayoamrisha waumini waandae nguvu wawezazo. Mtume akabainisha kuwa nguvu hizo ni kupiga mishale, akalikariri neno hilo mara tatu. Akamsikia pia akiwaambia masahaba kwamba nchi nyingi zitafunguliwa kwao na Mwenyezi Mungu atawatosheleza; hata hivyo mtu asishindwe kuichezea mishale yake. Yaani hata siku za raha, wakati hakuna haja, mkono usiusahau upinde.

Na neno kubwa kuliko yote aliyoyapokea katika mlango huu ni kwamba kwa mshale mmoja Mwenyezi Mungu huwatia Peponi watu watatu: aliyeuchonga kwa nia ya kheri, aliyeupiga, na aliyeupokeza. Tazama, ewe ndugu, nani ametajwa mwanzo. Ametajwa fundi, mtu asiyeonekana siku ya vita, aliyekaa na kisu chake akaunyosha uti wa mshale usiwe na kombo. Akitia nia njema katika kazi yake, amekwisha kuwa mshirika wa mpigaji. Na yule anayesimama ubavuni akimpokeza mwenziwe mshale baada ya mshale, naye hakuachwa nje.

UFUNDI WA UPINDE NA MASHAKA YAKE

Pengine msomaji wa leo atauona upinde kuwa ni kijiti na kamba tu. Sivyo hivyo. Waarabu walichagua miti ya milimani, na uliosifiwa kupita yote ni ule uitwao nab'i, kwa ugumu wake na wepesi wa kurudi baada ya kupindwa. Mti ulikatwa, ukaachwa ukauke taratibu, kwani mti mbichi hupinda usirudi, na mti uliokaushwa kwa haraka hupasuka. Namna nyingine ya pinde ni ile ya kuunga: katikati mti, upande wa ndani pembe, upande wa nje kano za mnyama, na vyote vikashikanishwa kwa gundi. Pembe hustahamili kubanwa na kano hustahamili kuvutwa, ndiyo sababu upinde huo ukawa mfupi na nguvu zake nyingi. Lakini gundi yataka muda mrefu mpaka ishike barabara, wala fundi hana njia ya kuiharakisha.

Na upinde uliokwisha kutengenezwa haujimalizi kwa kutengenezwa. Ukiachwa na upote umevutwa siku nyingi, hulegea. Upinde wa kuunga ukiingia unyevu, gundi huachia. Mishale hupinda ikawa haina budi kunyoshwa, na manyoya yake huliwa na wadudu. Basi mwenye pinde 70, kila mmoja na podo lake na mishale yake, ni mtu aliyekuwa na kazi ya kila siku. Hizo si mali za kuwekwa kabatini zikasahauliwa.

SAFARI ZAKE

Uqba alikuwamo katika jeshi lililoifungua Dameski mwaka 14 wa Hijra (635). Yeye ndiye aliyepewa bishara aipeleke kwa Khalifa. Akatoka Dameski siku ya Ijumaa, akafika Madina Ijumaa ya pili. Sayyidna Umar alimwona amevaa khofu miguuni, akamuuliza tangu lini hakuzivua. Akajibu kuwa tangu Ijumaa iliyopita. Umar akamwambia ameipata sunna. Khabari hii wanavyuoni huitaja katika mlango wa kupaka maji juu ya khofu.

Kisha akaingia Misri pamoja na jeshi la Amr bin al-As, akakaa katika mji wa Fustat uliojengwa baada ya ufunguzi. Huko ndiko alikomaliza umri wake.

ULIWALI WAKE NA KUONDOSHWA KWAKE

Mwaka 44 wa Hijra (665) Muawiya bin Abi Sufyan alimfanya liwali wa Misri. Katika khabari zake na Muawiya iko hii ya kutazamwa. Uqba aliomba kipande cha ardhi apate kujenga, akapewa dhiraa 1,000 kwa dhiraa 1,000. Watu wake wakamshauri achague ardhi nzuri. Akakataa, akachukua ardhi isiyokuwa na mwenyewe, kwa sababu Makibti, wenyeji wa Misri, walipewa ahadi wakati wa ufunguzi kwamba ardhi zao hazitachukuliwa. Lau angetaka asingekosa wa kumpa. Lakini ahadi kwake ilikuwa ahadi, hata kama aliyeahidiwa hana nguvu ya kuidai. Mtaa wa Mit Uqba, katika Giza, umebaki na jina lake mpaka leo.

Mwaka 47 wa Hijra (667) Muawiya akamwondosha, na namna ya kumwondosha ilikuwa nzito kuliko kuondoshwa kwenyewe. Alimpa uliwali Maslama bin Mukhallad kwa siri, akamwamrisha Uqba aongoze merikebu kwenda kisiwa cha Rhodes. Uqba akajitayarisha asijue neno. Merikebu zilipokwisha ng'oa nanga, Maslama akakaa kitini. Khabari ikamfikia Uqba akiwa safarini, ikamuuma, kwani aliona amevuliwa cheo na kutiwa ugenini kwa pamoja.

Kisha alirejea Misri akakaa raia, na cheo hakukirejea tena. Lakini cheo ni kitu cha kupewa na kunyang'anywa, na liko jambo ambalo Muawiya hakulitoa wala asingeweza kulichukua, nalo ni lile alilojifunza kijana wa Juhayna kwa Mtume wake.

MSAFIRI ALIYETOKA MADINA

Katika siku hizo Maslama alipokuwa liwali, alifika Misri Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), yule sahaba ambaye Mtume alishukia nyumbani kwake siku za kuhama. Alikuwa mzee sana. Alifikia kwa Maslama, lakini hakutaka karamu wala kukaa. Alitaka mtu wa kumwonyesha nyumba ya Uqba. Uqba alipoambiwa akatoka mbio, akamkumbatia, akamuuliza amekuja kwa haja gani. Haja yake ilikuwa hadithi moja tu, ya kusitiri aibu ya Mwislamu, ambayo hakubaki aliyeisikia kwa Mtume illa wao wawili. Alitaka kuhakikisha. Uqba akamsomea: anayemsitiri muumini hapa duniani, Mwenyezi Mungu atamsitiri siku ya Kiyama. Abu Ayyub akasadikisha, akageuka kwa mnyama wake, akashika njia ya Madina pale pale.

MZEE BAINA YA SHABAHA MBILI

Wapigaji wa zamani huweka shabaha mbili zikielekeana. Mtu husimama penye moja akapiga ya pili, kisha huenda kwa miguu akaokota mishale yake, akageuka akapiga ya kwanza. Huenda na kurudi namna hiyo, na mwendo wenyewe ni sehemu ya mafunzo.

Uqba alipokuwa mtu mzima sana aliendelea kufanya hivyo. Mtu mmoja, Fuqaym wa kabila la Lakhm, alimwona akienda na kurudi baina ya shabaha, na mashaka yanaonekana katika mwili wake, akamsemeza juu ya jambo hilo. Mzee akamjibu kuwa lau si neno alilolisikia kwa Mtume asingejitaabisha. Na neno lenyewe ni kwamba aliyejifunza kupiga mishale kisha akauacha ufundi huo si katika sisi, au ameasi.

Wala hakuridhika kujifunza peke yake. Alikuwa akipita kwa Khalid, mtu wa kabila lake, akimwita watoke wakapige mishale. Siku moja Khalid akawa mzito kutoka. Uqba hakumkemea. Alimwita karibu, akamsimulia ile hadithi ya watu watatu wanaoingia Peponi kwa mshale mmoja, na kwamba anayeuacha upinde baada ya kuujua, kwa kutoupenda, ameikufuru neema. Na hadithi hiyo imetufikia sisi kwa njia ya Khalid huyo huyo aliyekuwa mzito. Huo ndio ualimu: siku ile mwalimu alimpokeza mwanafunzi mshale, na mshale huo haujatua mpaka hivi leo.

KUFA KWAKE

Ilipokaribia ajali yake aliwakusanya wanawe akawakataza mambo matatu: wasipokee hadithi za Mtume illa kwa mtu mwaminifu, wasikope hata wakivaa nguo duni, na wasishughulike na mashairi mpaka nyoyo zao zikaisahau Qur'ani. Akafa Misri mwaka 58 wa Hijra (678), akazikwa chini ya mlima Muqattam. Kaburi lake liko Kairo, na msikiti uliojengwa hapo zama za Waturuki, katika karne ya 17, ungali umesimama.

Na zile pinde zaidi ya 70, pamoja na mapodo na mishale yake, aliusia zitolewe katika njia ya Mwenyezi Mungu. Hakuusia zipambe nyumba wala ziuzwe zigawanywe. Alitaka kila upinde upate mkono wa kuuvuta. Maisha yake yote alikuwa mpigaji, na kwa wasia huu akawa wa tatu katika wale watatu, yaani mwenye kuwapokeza wengine.

MAZINGATIO

Vita vya pinde vimekwisha, na hapana anayetaka virudi. Lakini neno la kuacha ulichojifunza halikufa pamoja na vita hivyo. Katika miji yetu wako mafundi wazee, wa kuunda majahazi, wa kuchonga milango, wa kushona kofia, na wako waalimu wa vyuo. Kila mmoja wao amepokea elimu yake kwa aliyemtangulia. Fundi mmoja akifa bila mwanafunzi, mnyororo wa mikono mingi umekatika siku moja. Dhambi ya kuukata ina watu wawili, mzee aliyefanya choyo na kijana aliyeona uvivu. Uqba alisalimika na yote mawili. Kijana, aliwaacha wanyama wake jangwani akaenda kujifunza. Mzee, alipita milangoni kwa watu akiwaita watoke.

Basi, ewe kijana, ukiitwa na mzee wako toka, usiwe mzito. Nawe mzee, usichoke kuita. Mwenyezi Mungu amridhie Uqba bin Aamir, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wenye kupokea na kupokeza. Amin.